Machozi ya Akiba

Kule redioni kuna chumba kinachoitwa jokofu. Hakina barafu wala nyama. Kina kompyuta, kiyoyozi kinachokoroma, na sauti za watu wakiwalilia wenzao ambao bado wanakunywa chai majumbani kwao. Sikujua kama kuna kitu cha namna hiyo duniani mpaka Jumanne ile waliponiita, nikaenda na shati langu la pasi, nikidhani nimekumbukwa.

Aliyeniita ni mtayarishaji wa vipindi, mwanamke mchangamfu anayeniita "mzee wangu" kila baada ya maneno mawili. Alitaka nimzungumzie Shavu kidogo. Shavu ni mchekeshaji wa enzi zetu. Alikuwa akijaza hewa mashavuni tu, hajasema neno, ukumbi mzima unashika mbavu. Sasa amelazwa, nyonga imevunjika, na nasikia bado anawachekesha wauguzi mpaka wanasahau walichokuja kufanya. Nikasema sawa, Shavu ni wangu, nitamsifu mpaka apone.

Mke wangu aliniaga mlangoni kwa onyo lake la kila siku: "Ongea polepole, baba. Koo."

Inabidi nieleze habari ya koo hili. Mimi ni mwimbaji. Jina langu la jukwaani ni Chiriku, na kama umewahi kucheza kwenye harusi ya mtu yeyote wa rika langu, basi umeshacheza kwa sauti yangu. Mwanzoni mwa mwaka nikaanza kukohoa. Kapteni, kiongozi wa bendi yetu na mpiga gitaa wake mkuu, akanipakia kwenye gari lake pamoja na mke wangu, tukaenda hospitali. Nikapigwa picha, nikatolewa damu, nikaambiwa nisubiri kwenye benchi. Wao wawili wakaingia kwa daktari. Walitoka wanatabasamu. Koo limechoka, wakasema, na kifua kidogo. Kesho yake Kapteni alirudi peke yake kuchukua dawa, akaja na maagizo: daktari amekataza kabisa kuimba, hata bafuni. Nikinyamaza vizuri koo litarudi, na mwisho wa mwaka nitaingia studio kurekodi "Nifungulie".

Wimbo huo ndio mtoto wangu wa uzeeni. Niliutunga kabla ya kikohozi, na sikuwa nimemwimbia mtu mwingine ila Kapteni, siku moja barazani kwake, yeye na gitaa, mimi na sauti. Alipomaliza kupiga alisema, "Chiriku, huu utatuzika sote." Basi kwa ajili ya wimbo huo nikanyamaza. Niulize mimi maana ya kunyamaza. Wajukuu walinitania, nikanyamaza. Watoto wa juzi waliziharibu nyimbo zangu redioni, nikanyamaza. Niliitunza sauti kama nguo ya sikukuu, haivaliwi mpaka siku yake ifike.

Sasa turudi redioni. Nilikaa kwenye kiti cha kuzunguka, visikilizio masikioni, kipaza sauti mbele ya mdomo, na upande wa pili wa kioo fundi mitambo akawa anakula maandazi huku amekodolea macho simu yake.

"Mzee wangu," mtayarishaji akasema, "tuanze na siku uliyopata habari za kifo chake."

Nikashtuka. "Shavu amekufa?"

"Hapana! Mungu apishe mbali."

"Sasa habari za kifo nimezipata wapi?"

Akacheka, akavuta kiti chake karibu. Ndipo akanifunulia mambo ya jokofu. Mwanzoni mwa kila mwaka wanakaa kikao, wanajiuliza ni nani kati ya watu maarufu anaweza kututoka mwaka huo. Wanaangalia nani amekonda, nani amelazwa, nani haonekani tena hadharani, nani alikosekana kwenye mazishi ya mwenzake. Wakishakubaliana, wanawaita marafiki wa mtu huyo mmoja mmoja, wanawarekodi maombolezo, wanaweka.

"Yaani mtu akipata mafua akakosa msiba mmoja," nikasema, "ninyi mnamwandalia wa kwake?"

"Ni kazi, mzee wangu. Kifo hakipigi hodi. Mtu mkubwa akitutoka, wasikilizaji wanataka sauti za wenzake saa ileile, na wenzake saa hiyo wako kwenye vilio, hawasemeki. Bora tuwachukue mapema, wakiwa wametulia."

"Na mnabahatisha sawasawa?"

"Mara nyingi," akasema kwa fahari kidogo, halafu akainamisha macho.

Nilimwambia wazi kwamba mimi simlilii mtu ambaye bado anachekesha wauguzi. Nikisimama kumwombolezea Shavu leo, kesho nitamtazamaje nikienda kumjulia hali? Nitamshika mkono huku moyoni najua machozi yangu yako kwenye jokofu yanamsubiri? Wazee wa siku hizi tumekuwa watu wa ajabu, lakini hapo mimi hapana.

"Wakubwa wote wanafanya, mzee wangu. Hata Kapteni alikuja."

"Kapteni? Akamlilia Shavu?"

"Tena vizuri sana. Ngoja usikie kipande kimoja, ni kifupi tu, utaona hakuna ubaya." Akamgeukia fundi mitambo, akamwonyesha ishara. "Mwekee mzee ile ya Kapteni." Hapo simu yake ikaita, akatoka nayo kwenye ushoroba, mlango mzito ukajifunga nyuma yake.

Kapteni namjua kuliko ninavyowajua ndugu zangu wa tumbo moja. Tulianza muziki tukiwa na shati moja la jukwaani kati yetu. Akivaa yeye, mimi naimba nikiwa nyuma ya spika. Aliposimama kuoa, mimi ndiye niliyekuwa pembeni yake. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyeingia kaburini kumpokea. Kwa hiyo nilisikiliza maombolezo yake kwa Shavu nikitabasamu. Alikuwa hodari. Alisema maneno mazuri, akacheka kidogo, akapenga kamasi mahali panapofaa. Nikasema moyoni, huyu jamaa angekuwa mwigizaji angetajirika.

Kikaisha. Nikangoja ukimya, lakini haukuja. Ikaingia sauti ya mtayarishaji, ile ya kazini, isiyo na "mzee wangu" ndani yake.

"Safi. Kapteni, kwa kuwa umeshakaa, tumalizie na huyu mwingine kabla hujainuka."

Baadaye nilielezwa kwamba ndiyo desturi yao. Wazee ni wagumu kupatikana, basi ukimpata mmoja kwenye kiti, unamliza kwa wote anaowajua, na yote yanabaki kwenye rekodi moja mpaka siku ya kuyakata. Fundi mitambo aliambiwa aweke ya Kapteni, akaweka ya Kapteni. Hakukosea kitu. Aliendelea na andazi lake.

"Chiriku," Kapteni akasema masikioni mwangu, na mimi, mjinga wa watu, karibu niitike.

"Chiriku alikuwa ndugu yangu," akaendelea. "Tulivaa shati moja. Sauti kama yake Mungu haigawi mara mbili. Siku daktari alipotuambia, mimi na mkewe, kwamba mapafu yameshaliwa na hakuna cha kufanya, tulikaa kwenye benchi, mimi upande huu, yeye upande ule, Chiriku katikati, anatuuliza mbona tumenyamaza. Tukaapa hatajua. Alituacha akiwa na matumaini, akipanga kurekodi. Hiyo ndiyo zawadi tuliyompa rafiki yetu, aende bila hofu." Hapo sauti yake ikakatika, akalia. Alilia kweli, si kama kwa Shavu. Namjua.

Halafu mtayarishaji akauliza, "Na mwaka ukiisha kabla hatujaitumia? Tukuite uongezee maneno?"

Kapteni akapenga kamasi. "Usiwe na wasiwasi," akasema. "Mtaitumia tu."

Nitakuwa mwongo nikisema sikuogopa. Lakini kabla ya hofu nilishikwa na aibu. Aibu ya kujiona kwa macho yao: mzee anayekunywa maji ya moto na asali kila asubuhi, anayenong'ona kwenye simu, anayewanyamazisha wajukuu kwa kidole mdomoni, anatunza koo. Na watu wamemzunguka wanamtazama kama unavyomtazama mtoto anayecheza nyumba. Hasira ikaja baada ya aibu, na ilipokuja ilikaa. Tena nikaelewa jambo lililokuwa likinisumbua. Kapteni alikuwa hajanitembelea muda mrefu. Nilidhani ni shughuli. Kumbe mtu ameshanizika, atarudi kaburini kufanya nini?

Mtayarishaji akarudi anatabasamu. Alipoiona sura yangu alimtazama fundi mitambo, akatazama skrini, tabasamu likamtoka.

"Mzee wangu..."

"Marehemu wako," nikasema.

"Naomba unisamehe. Sikujua kama hujui. Kapteni alituambia familia imeridhia."

"Familia yangu mimi?"

Nikavua vile visikilizio, nikaviweka mezani taratibu kwa sababu ni mali ya watu, nikainuka. Mlangoni nikakumbuka neno. "Yule Shavu," nikamwambia, "nitakwenda kumwona leo hii hii nikipata nafasi. Nitamwambia afe akipenda yeye." Fundi mitambo alikuwa amesimama, andazi mkononi, kama mtoto aliyevunja kikombe. Sikuwa na ugomvi naye.

Nyumbani nilimkuta mke wangu mbele ya cherehani, anapinda sketi za shule za watu. Anashona haraka, mguu hautulii, na huwa haniangalii nikiingia. Anajua hatua zangu. Nikasimama katikati ya chumba, nikamsalimia kwa sauti yangu yote, ile niliyoizuia tangu mwanzo wa mwaka. Ilitoka na mchanga mwingi ndani yake.

"Baba! Koo lako!"

"Koo langu, au mapafu yangu?"

Cherehani ikasimama. Hakugeuka. Alichukua muda mrefu kuutoa uzi kwenye sindano, uzi ambao haukuwa na tatizo lolote.

"Nani kakwambia?"

"Nimesikia kwenye tanzia yangu. Imeshatengenezwa, iko tayari redioni. Kapteni kalia ndani yake, na wewe umo, umetajwa vizuri sana. Unastahili pongezi."

Alipogeuka uso ulikuwa umemshuka. Jambo la redio hakulijua. Hilo nililiona machoni kwake na ninaliamini mpaka sasa. Akanipiga maswali, redio gani, lini, nani kawaambia, na jibu la kila swali lilikuwa mtu mmoja. Yeye alikuwa amempa Kapteni siri aifiche. Amemwaga mtama penye kuku wengi, halafu anashangaa kuona umeliwa.

"Ningekwambiaje?" akasema mwishowe. "Ulikaa pale kwenye benchi unatucheka. Ukaniuliza kama daktari kanipenda. Ningefungua mdomo niseme nini, baba?"

"Ungesema neno lolote. Mimi ningelimalizia."

"Nilitaka kusema. Kila siku nilitaka. Kapteni akasema tusikuondolee matumaini, mtu akijua anakata tamaa, anakwenda haraka. Nikaona labda anajua. Nilikuwa sitaki uende haraka."

Alianza kulia, na kwa desturi ya miaka yote ya ndoa yetu ningemfuata nimshike bega. Miguu ilikataa. Nilimpenda, na nilikuwa nimemkasirikia, na vyote viwili vilikuwa kweli kwa wakati mmoja. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba nguo yenyewe huenda umeishona wewe, au mkeo.

"Na kuimba?" nikamuuliza. "Uliposikia daktari akikataza kuimba, alisemaje? Nataka maneno yake."

Akajifuta kwa kipande cha kitambaa. "Sikumsikia. Siku ile ya kwanza hakusema habari ya kuimba. Kapteni ndiye aliyerudi peke yake."

Tukatazamana. Nikaichukua kofia yangu.

Akataka kuja nami. Nikamwambia abaki na sketi zake. Nilipofika barabarani nikasikia hatua zake nyuma yangu, si pembeni yangu kama siku zote, na sweta langu lilikuwa mkononi mwake. Jua lilikuwa kali. Nikamwacha anifuate.

Bendi yetu hufanyia mazoezi kwenye chumba cha juu, juu ya duka la matairi. Ngazi zake ni za chuma, zinapiga kelele, na zamani nilizipanda mbilimbili. Siku ile nilipumzika nusu ya njia, nikashika bomba la mkono, kifua kinapiga filimbi. Hapo ndipo nikausikia. Juu, nyuma ya mlango, gitaa la Kapteni lilikuwa linaingia kwa ule mwendo wake wa taratibu, na sauti ikafuata:

"Nifungulie mlango, nimerudi kwa miguu,
Mzigo wangu ni jina, sijarudi na makuu..."

Ilikuwa sauti safi, changa, isiyo na haraka. Ilikuwa sauti ya Kinda. Tunamwita hivyo ingawa ana ndevu na watoto wawili, kwa sababu aliingia bendi baada yetu sote. Alikuwa akiniitikia nyuma kwa miaka. Na huo ulikuwa wimbo wangu, ambao nilimwimbia mtu mmoja tu duniani, barazani kwake.

Naapa kwamba habari ya kufa haikuniuma kama hiyo. Kufa ni kwa kila mtu, hakuna aliyenichagua mimi. Lakini kuninyang'anya wimbo walichagua wenyewe.

Nikausukuma mlango. Wa kwanza kuniona alikuwa mpiga besi, akaacha kupiga. Ngoma zikafuata. Kinda akanyamaza katikati ya neno, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Kapteni peke yake aliendelea kidogo na gitaa, kichwa kimeinama, mpaka alipogundua yuko peke yake.

"Chiriku!" akasema, akafungua mikono. "Ndugu yangu! Mbona hukusema unakuja?"

"Nilidhani marehemu hahitaji miadi."

Mikono ikabaki hewani. Akamtazama mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na sweta, na nadhani akasoma kila kitu pale. Alikaa juu ya spika. Mtu mkubwa yule, Kapteni wa watu, alikaa kama gunia lililoachwa.

"Wamekuwekea," akasema.

"Wameniwekea yote. Umelia vizuri. Pale kwa Shavu ulidanganya kidogo, ila kwangu ulilia kweli, nakushukuru. Kwa nini uliwapa wao, Kapteni? Mimi hukunipa, wao ukawapa."

"Walikuja kuniuliza. Walishakuona umekonda. Walishakuweka kwenye kikao chao, mimi sikukuweka. Nikaona kama lazima mtu aseme, bora niseme mimi, niseme kwa heshima."

"Na huyu?" Nikamwonyesha Kinda kwa kidevu. "Huyu naye ni heshima?"

Kinda akajaribu, "Mzee, mimi niliambiwa wewe mwenyewe ndiye..."

"Nyamaza wewe, hujakosa," nikamwambia. "Umeimba vizuri. Hilo ndilo linaloniuma."

Kapteni akainua uso. Alikuwa na machozi, na sikuyatamani. "Tulitaka wimbo utoke mara tu baada ya... tuutoe kwa jina lako. Mtunzi Chiriku. Nchi nzima ingesimama. Sikiliza, ndugu yangu. Siku ile barazani, pale juu, kwenye mstari wa tatu, hukufika. Wewe hukujisikia. Mimi nilisikia. Ulifika karibu, ukateleza. Ningekupeleka studio, ungejisikia mwenyewe kwenye spika, na watu wangesikia, na hicho ndicho kingekuwa cha mwisho kwao. Nilitaka wakukumbuke ukiwa Chiriku."

"Na mimi niliyebaki ni nani?"

Chini mtu wa matairi alikuwa anapiga gurudumu kwa nyundo.

"Nina swali moja," nikasema. "Jibu kama mwanamume. Uliporudi hospitali peke yako, daktari alisemaje kuhusu kuimba?"

Kapteni akatazama vidole vyake. Mpiga besi akatazama viatu.

"Kapteni."

"Nilimuuliza," akasema polepole. "Nilimwambia ni mwimbaji, je, aache? Akasema hapana. Akasema kuimba hakutamwongezea wala kumpunguzia. Akasema..." Akajifuta uso kwa kiganja. "Akasema, kama kuna kitu anakipenda, mwacheni akifanye sasa hivi, wakati bado anaweza."

Mke wangu akatoa sauti ndogo. Kumbe naye alikuwa amedanganywa, na akanisaidia kunyamaza tangu mwanzo wa mwaka, kila siku mlangoni, kwa mapenzi yake yote: polepole, baba, koo. Sikugeuka kumtazama. Kama ningegeuka ningelia, na sikutaka kulia mbele ya Kapteni. Alishalia kwa niaba yetu sote wawili.

Wakati bado anaweza. Nilizifikiria asubuhi zile zote. Mwanzoni mwa mwaka, kabla ya dawa, sauti ilikuwa na ufa lakini ilikuwepo. Ningeweza kuimba nikiwa na ufa wangu. Ningeimba jikoni, kwenye ngazi, kwenye simu kwa wajukuu. Ningeurekodi wimbo kwa kipaza sauti cha simu tu, ukafaa. Walizichukua asubuhi hizo na kunipa asali.

Nikamwendea Kinda, nikanyoosha mkono. Akanipa kipaza sauti.

"Piga," nikamwambia Kapteni.

"Chiriku, kifua chako..."

"Kifua changu mmeshakizika. Piga."

Akalichukua gitaa kama mtu anayeokota kitu kizito. Akapiga kile kipande cha mwanzo, na vidole vyake, ambavyo havijawahi kukosea tangu nimjue, vikakosea. Akaanza upya. Mpiga besi akaingia, ngoma zikaja chini kwa chini, na mimi nikafungua mdomo.

Sitakupamba uongo, uongo nimeshiba. Sauti haikuwepo. Palikuwa na kitu mahali pake, kikavu, kinachokwaruza, kilichofika kwenye neno la nne kikaomba hewa. Nilimaliza mstari wa kwanza kwa shida. Wa pili nilikohoa katikati, nikarudia "sijarudi na makuu" kwa kusema tu, si kwa kuimba. Mbele yangu ulikuwa mstari wa tatu, unaopanda, ule niliotelezea barazani bila kujua.

Hapo nikamwona Kapteni. Bila kuacha kupiga, aliinua kidevu kumwelekea Kinda, ile ishara yetu ya zamani ya jukwaani: mpokee. Nina hakika hakuifikiria. Ni mazoea ya kazi, na pia alikuwa ananihurumia. Kinda akafungua mdomo.

"Usithubutu," nikasema kwenye kipaza sauti.

Kinda akafunga mdomo. Kapteni akashusha kidevu, macho yakamshuka pamoja nacho. Bendi ikazunguka kwenye kipande kilekile, inazunguka tu, inaningoja, na mimi nikavuta hewa mpaka ilipokataa kuingia, nikapanda.

"Ukiniuliza nani, nitakwambia ni mimi..."

Sikufika. Ilivunjika pale pale ilipovunjika barazani, na safari hii nilijisikia. Ilikuwa mbaya. Kila mtu chumbani alijua ni mbaya, na ilikuwa yangu. Nikaendelea. Mistari mingine niliiimba, mingine niliisema, mingine niliikohoa, lakini sikuruka hata mmoja, mpaka gitaa likabaki peke yake na kunyamaza.

Hakuna aliyepiga makofi. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye ngazi ya juu, amekumbatia sweta langu. Kapteni alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye shingo ya gitaa.

"Basi, ndugu yangu," akasema bila kuinua kichwa. "Nimekusikia. Pumzika sasa."

Nikafuta mdomo kwa mkono wa shati.

"Tena," nikamwambia. "Tangu mwanzo."